Kabla ya Kujaza Fomu ya Masta ya Jinsia, Pitia Kua

Ukiwa mwaka wa tatu na GPA yako haina aibu, swali la masta halikuachi. Utaulizwa kantini, utaulizwa kwenye foleni ya steshenari, utaulizwa na mjomba kwa simu. Mimi nikijibu kwamba nafikiria masomo ya jinsia napata majibu ya aina mbili. Waungwana huuliza, "Sasa ukimaliza utakuwa nani?" Wasio waungwana husema, "Mwanaume mzima unakwenda kusoma mambo ya akina mama?" Hili la pili naliacha, maana anayelisema hajafungua hata ukurasa mmoja wa kozi anayoisema. Lile la kwanza ni swali halali kabisa, hasa kwa mtoto wa mkulima anayesoma kwa bumu. Tatizo lake ni kwamba linaulizwa mapema mno. Kabla ya "utakuwa nani" kuna "unataka kujua nini", na hilo ndilo linaloamua uombe chuo gani, idara gani, na kama kweli jina la kozi linapaswa kuwa na neno jinsia.

Nasema hivi kwa sababu wengi wetu tunachagua kwa kusoma jina. Programu ikiitwa Jinsia na Maendeleo tunaiona ina ajira, ikiitwa Masomo ya Jinsia peke yake tunaiona ya nadharia, ikiwa na neno Sera ndani yake tunaona ofisi yenye kiyoyozi. Fomu inajazwa usiku mmoja. Halafu mtu anakaa miaka miwili akitafuta mada ya tasnifu, na mwisho anachukua aliyopewa na msimamizi wake.

Nipendekeze zoezi. Chukua sehemu moja unayoijua kwa macho, uiulize maswali, uone ni maswali gani unashindwa kuyajibu kwa ulichofundishwa hadi sasa. Kozi inayofundisha njia ya kuyajibu hayo ndiyo yako. Sehemu yangu mimi ni Kua, kwa sababu TP yangu nilipangiwa Mafia, na kutoka Utende unapanda mashua maji yakiwa yamejaa, unapita kati ya Chole na Juani, unashushwa penye mikoko, na magofu yako hapo.

Mji wa mawe na watu wasiotajwa

Kua ulikuwa mji wa Waswahili kwenye kisiwa cha Juani. Nyumba zake zilijengwa kwa mawe ya matumbawe na chokaa, zikiwemo nyumba za kawaida, misikiti kadhaa, makaburi, na jumba kubwa la ghorofa ambalo wenyeji wanaliita la mfalme. Mabaki mengi tunayoyaona ni ya karne ya 18. Mwanzoni mwa karne ya 19 Wasakalava kutoka Madagaska walikuja na mitumbwi yao wakauvamia. Waliouawa waliuawa, wengine walichukuliwa utumwani, na mji haukuinuka tena. Chole, kisiwa cha jirani, ndicho kikawa mji wa eneo lile. Leo mibuyu na mizizi imeshika kuta, na wapo watu ambao bado wanakwenda kuweka nadhiri zao pale.

Kuna simulizi kila mgeni atakayefika Mafia atapewa. Kua na Kisimani, mji mwingine wa kale uliokuwa upande wa magharibi na ambao sehemu kubwa imeliwa na bahari, ilikuwa miji mahasimu. Siku moja mji mmoja ukashusha jahazi jipya, na watoto wa mji wa pili wakalazwa mchangani, jahazi likapitishwa juu yao. Miaka ikapita, jambo likaonekana limesahaulika. Wale waliofiwa wakaalika harusi. Wageni wakashushwa kwenye chumba cha chini, wakala, wakaimba. Wenyeji wakatoka mmoja mmoja mpaka akabaki mzee mmoja tu wa kuwaburudisha, na huku nje mlango unajengwa kwa mawe. Mimi nimeisikia ikianzia Kua na nimeisikia ikianzia Kisimani, inategemea unaongea na nani.

Sasa rudi kwenye lile neno, mzee. Mzee huyo aliyekubali kuzikwa na wageni ili kisasi kitimie alikuwa mwanaume au mwanamke? Kiswahili hakisemi. "Akabaki", "akaimba", "akawatuliza": kiambishi ni kilekile. Lakini hadithi hii imeandikwa kwa Kiingereza na maofisa wa kikoloni na wasomi waliowafuata, na Kiingereza hakikuruhusu kupita hapo bila kuchagua. Lazima uandike ni wa kiume au wa kike. Ukishaandika, imekuwa historia. Msomaji wa baadaye hajui kwamba palikuwa na mlango wa pili. Fanya hivyohivyo kwa neno mtumwa, kwa neno mtoto, hata kwa mtawala. Tunazoea kusema sultani wa mji fulani tukimwona mwenye ndevu kichwani mwetu, na huku Pate ilitawaliwa na Mwana Khadija katika karne hiyohiyo ya 18, na Unguja ilikuwa na Malkia Fatuma kabla yake. Sidai kwamba Kua ilitawaliwa na mwanamke. Ninachosema ni kwamba sarufi ya lugha iliyotumika kuandika inaweza kuwa imefunga swali kabla halijaulizwa, na hili huwezi kuliona kama kozi yako nzima inasoma vyanzo vya Kiingereza tu.

Swali la pili ni la nyumba. Ukiingia nyumba ya mawe ya pwani unatoka kwenye sehemu ya kupokea wageni unaelekea ndani, na kadiri unavyoingia ndivyo unavyokaribia mahali pa wanawake wa familia. Walimu wetu wa historia hupenda kuishia hapo: stara, heshima, Uislamu, tumemaliza. Lakini mji kama huu ulikuwa na watumwa. Yule aliyekaa ndani na yule aliyebeba maji, akatwanga, akapika, wote ni wanawake. Mwana na mjakazi hawakuwa na siku moja inayofanana. Kwa hiyo mtu akiniambia anataka kuandika kuhusu "nafasi ya mwanamke katika mji wa Kua" nitamuuliza: yupi? Hilo peke yake ni muhula mzima wa masomo, na kozi nzuri ya jinsia inapaswa kukulazimisha uliulize kila mahali, hata kwenye ripoti za miradi zinazosema "wanawake wa kijiji" kana kwamba mke wa mwenyekiti na mjane asiye na shamba wanaishi maisha mamoja.

La tatu ni fupi na ndilo gumu zaidi. Waliochukuliwa na Wasakalava walikuwa akina nani? Wanaume wangapi, wanawake wangapi, watoto wangapi? Walipofika upande wa pili waliolewa, walizaa, waliitwa nani? Mji "ulikufa" kwenye vitabu vyetu, lakini watu wake hawakuisha siku ile.

Jinsi, jinsia, na mabishano ya kweli

Kwenye semina za haraka tunafundishwa kwamba jinsi ni maumbile na jinsia ni yale majukumu na matarajio ambayo jamii inayajenga juu ya maumbile hayo. Ni sawa, anzia hapo. Ila ukiishia hapo hujasoma kitu; ungeweza kuyapata kwenye kipeperushi.

Mwaka 1997 Oyèrónkẹ́ Oyěwùmí, msomi wa Kinaijeria, alitoa kitabu kilichowatikisa watu. Hoja yake ni kwamba kwa Wayoruba, kabla ya ukoloni, jinsia haikuwa ndiyo kipimo kikuu cha kupanga watu. Umri na ukubwa ndivyo vilivyopanga. Mojawapo ya ushahidi wake ni lugha: Kiyoruba hakina viwakilishi vya kiume na vya kike. Mswahili akisoma hapo anatabasamu, maana hata yeye hana, na anajua shikamoo inafuata umri. Binti wa miaka thelathini anapokea shikamoo ya kijana wa miaka ishirini, hakuna anayeuliza.

Lakini ngoja kwanza. Kiswahili hichohicho kinasema mwanaume anaoa na mwanamke anaolewa. Sarufi haina jinsia kwenye kiwakilishi, halafu ikaipachika kwenye kitenzi, tena kitenzi cha jambo zito kuliko yote. Wapo wasomi wa Kiafrika waliomjibu Oyěwùmí kwa hoja ya namna hii: lugha kutotaja tofauti si ushahidi kwamba tofauti haipo. Mimi naona wako sahihi zaidi, ingawa nampenda Oyěwùmí kwa kutulazimisha kuangalia umri, kitu ambacho vitabu vingi vya Ulaya hukiruka. Usikubaliane na mimi. La muhimu ni kwamba haya ni mabishano ya kitaaluma yenye ushahidi unaoweza kupimwa, na shahada ya uzamili inapaswa kukuingiza ndani yake. Ukisoma orodha ya kozi za programu fulani usione Oyěwùmí, usione Ifi Amadiume, usione Amina Mama, wala jarida la Feminist Africa lililoanzishwa 2002 na Taasisi ya Jinsia ya Afrika ya Cape Town, basi jiulize unalipia nini.

Daftari la mahudhurio

Niseme sasa kwa nini mwanafunzi wa ualimu anahangaika na haya. Shule niliyofanyia TP nilipewa kidato cha pili, na pamoja na vipindi nikakabidhiwa daftari la mahudhurio. Wasichana walikuwa wanapotea darasani kwa makundi, siku tatu nne, kisha wanarudi. Ofisi ya walimu ilikuwa na maelezo tayari. Mmoja alisema ni tamaa, mwingine akasema wazazi wa pwani hawajali shule, wa tatu akataja shughuli za unyago. Maelezo yote matatu yalikuwa na kitu kimoja cha pamoja: hakuna aliyekuwa ameangalia tarehe.

Mimi niliziangalia kwa sababu mwenye nyumba niliyopanga alikuwa mvuvi na ukutani alikuwa na kalenda ya mwezi. Siku zile za kupotea ziliangukia kwenye bamvua. Wa bara nieleze: mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu, maji hutoka mbali sana, mwamba unabaki wazi, na wanawake wanaingia kwa miguu kuchokoa pweza. Maji mafu yakirudi, kazi hiyo inasimama. Mama akienda mwambani alfajiri, mtoto mdogo anabaki na nani? Anabaki na dada yake. Kaka yake yuko shuleni, au yuko chomboni, lakini kwa kulea hatajwi.

Ukiiacha hapo umepata maelezo mazuri ya kumwambia mkuu wa shule. Ukiendelea kuuliza, mambo yanachimbuka. Pweza alipoanza kununuliwa kwa wingi kupelekwa nje, wanaume nao waliingia kwa kuzamia, na wao hawangoji bamvua. Mama anayetembea kwa miguu anabaki na siku zake chache za mwezi, kwa hiyo hawezi kuziacha hata moja. Hapo ndipo soko la nje, mwezi, mwamba, na daftari la kidato cha pili vinapokutana kwa msichana mmoja wa miaka kumi na tano anayebembeleza mtoto badala ya kusoma aljebra. Mmoja wao hakurudi kabisa. Nilipoondoka kisiwani jina lake lilikuwa bado kwenye daftari, na mbele yake alama za utoro hadi mwisho wa ukurasa.

Diploma ya ualimu na shahada ya elimu vinanipa andalio la somo, saikolojia ya mtoto, upimaji. Havinipi namna ya kulichunguza jambo kama lile nikathibitisha au nikakanusha. Labda nimeona siku chache nikazikuza. Labda wavulana nao wanapotea, kwa sababu nyingine, siku nyingine. Shule ngapi za pwani zina mtindo huu? Sijui namna ya kuhesabu, na huo ndio ujuzi ninaoutafuta.

Waliopita njia hii

Si kweli kwamba masomo ya jinsia yameletwa na wafadhili. Mwaka 1969 Marjorie Mbilinyi alichapisha Chuo Kikuu cha Dar es Salaam utafiti kuhusu elimu ya wasichana Tanzania; huyo ni mtu wa elimu, kama sisi. Mwaka 1980 wanawake wasomi wa chuo hichohicho walikuwa wameshajikusanya kwenye vikundi vyao vya utafiti na kuhifadhi maandishi kuhusu wanawake. TAMWA ikaja 1987, TGNP ikaja 1993. Makerere walianzisha idara ya masomo ya wanawake 1991, ambayo leo ni skuli ya masomo ya wanawake na jinsia. Ukiomba Makerere unaomba mahali penye zaidi ya miaka thelathini ya tasnifu kwenye rafu, na rafu hizo ni hoja nzito kuliko rangi za brosha.

Na Mafia yenyewe imeandikwa. Pat Caplan, mwanaanthropolojia wa Uingereza, alifika kijiji cha Kanga, kaskazini mwa kisiwa kikuu, mwaka 1965, akawa anarudi kwa miongo kadhaa. Kitabu chake cha 1975 kinaonyesha watu wanaohesabu ukoo kwa baba na kwa mama pia, ili haki ya kufyeka shamba ipatikane pande zote mbili. Na mwanamke ana shamba lake na mavuno yake. Minazi ni habari nyingine: ni mali ya mtu, inarithiwa, na kwa sheria ya Kiislamu fungu la binti ni nusu ya la ndugu yake wa kiume. Kwa hiyo mwanamke yuleyule anasimama sawa na kaka yake kwenye mpunga na nusu yake kwenye nazi. Ukiuliza "wanawake wa Mafia wana haki ya ardhi?" jibu la ndiyo au hapana litakuwa la uongo mara zote mbili. Baadaye Christine Walley, Mmarekani, aliishi Chole akaandika juu ya Hifadhi ya Bahari ya Mafia, iliyoanzishwa 1995 ikiwa ya kwanza nchini, na jinsi wenyeji, serikali na mashirika walivyovutana humo. Kitabu kilitoka 2004.

Nimewasoma kwa heshima, na kuna jambo linaniuma. Vitabu hivi viko kwa Kiingereza, kwenye maktaba za mbali, kwa bei ambayo bumu haliigusi. Watu wa Kanga na Chole ndio walioeleza, na wao ndio wasioweza kusoma walichoeleza. Hiki kiwe kipimo kimoja cha kuchagulia chuo: uliza kama tasnifu inaruhusiwa kuandikwa kwa Kiswahili, na kama hairuhusiwi, uliza kama mahojiano yatabaki kwa Kiswahili kwenye kiambatisho. Mzee asiye na jinsia wa kule Kua anaweza kuokolewa na kiambatisho.

Pesa, ajira na mlango wa kuingilia

Haya, "utakuwa nani?" Nijibu bila kupaka rangi. Matangazo ya ajira ya Afisa Maendeleo ya Jamii kwenye halmashauri yamekuwa yakitaja fani ya jinsia na maendeleo miongoni mwa zinazokubalika, lakini hayo ni ya shahada ya kwanza. Masta haikupi ngazi ya ajabu pale. Afisa huyo ndiye anayeshughulika na mikopo ya asilimia 10 ya mapato ya ndani, yaani 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana na 2 kwa watu wenye ulemavu. Kuna wizara yenye neno jinsia kwenye jina lake, kuna madawati ya jinsia na watoto ya polisi, kuna vyuo vinavyohitaji wahadhiri. Kuna mashirika, ambayo wengi wetu ndiyo tunayoyawazia kimyakimya. Hapo tahadhari: Januari 2025 Marekani ilisimamisha misaada yake, na kufikia Julai shirika la USAID likawa limefungwa. Mradi uliokuwa unaajiri wahitimu wa jinsia unaweza kufa kwa saini ya mtu asiyejua Mafia iko wapi. Hata taaluma yenyewe si salama kila mahali. Hungary iliondoa ithibati ya programu za masomo ya jinsia mwaka 2018. Mtu anayechagua kozi hii kwa ajili ya soko la miradi peke yake anajenga kwenye mchanga wa maji yanayojaa.

Kwa mwalimu hesabu ni tofauti kidogo. Ukiajiriwa, mkopo wa HESLB unakatwa asilimia 15 ya mshahara, na ada ya masta utaitafuta kwenye kinachobaki. Ndiyo maana Chuo Kikuu Huria kisidharauliwe: unasoma ukiwa kazini, na kazi yako ndiyo uwanja wako wa utafiti. Kusoma kwa muda wote Dar es Salaam, Kampala au Nairobi kunakupa maktaba na watu wa kubishana nao, jambo ambalo masomo ya masafa hayatoi kirahisi. Ulaya na Marekani, bila ufadhili kamili, mimi sioni hata sababu ya kulipa ada ya kuomba.

Halafu kuna hili ambalo wengi hawalifikirii: swali lako linaweza kukutoa kwenye idara ya jinsia kabisa. Anayesumbuliwa na umri wa ndoa, yaani Sheria ya Ndoa ya 1971 inayoruhusu binti wa miaka 15 kuolewa kwa ridhaa ya mzazi, na kesi ya Rebeca Gyumi aliyoshinda Mahakama Kuu 2016 na ikathibitishwa na Mahakama ya Rufani 2019, huyo aende sheria akachukue jinsia kama eneo la utafiti. Anayeguswa na nyumba za Kua aende akiolojia. Mimi swali langu linaweza kukaa kwenye masta ya elimu, sera na mipango, nikipata msimamizi anayejua jinsia. Tangu Novemba 2021 serikali imeruhusu waliokatisha masomo, wakiwemo waliopata ujauzito, kurudi kwenye mfumo rasmi. Nani anarudi kweli na nani harudi ni swali la elimu na la jinsia kwa wakati mmoja. Kinachonivuta kwenye jinsia ni mbinu: kuhoji kimya, kusoma kumbukumbu zilizoandikwa na wanaume wa serikali, kuuliza "mwanamke yupi". Kinachonivuta kwenye elimu ni takwimu, maana nisipojua kuhesabu bamvua na mahudhurio kwa shule nyingi, nitabaki na hadithi nzuri ya shule moja.

Kabla ya kulipa ada ya maombi, iandikie idara. Usiulize ada, iko kwenye prospektasi. Omba orodha ya kozi za mbinu za utafiti, uone kama zote mbili zipo, za kuhesabu na za kusikiliza. Omba majina ya mada za tasnifu za miaka mitatu iliyopita. Zikifanana kama sare za shule, ujue wasimamizi ni wachache au wana miradi yao. Ulizia nani hasa atakusimamia na kama hayuko likizo ya masomo. Mimi niliandikia idara tatu. Moja ilijibu siku ileile, ya pili ilinitumia fomu bila neno, ya tatu naisubiri. Iliyojibu haikuniambia nitakuwa nani. Iliniambia swali langu ni pana, nilipunguze liwe aya moja, tena liwe na maneno ambayo mama wa mwambani akisomewa atayaelewa.

Nimelipunguza. Kwa sasa linasomeka hivi: Siku za bamvua, katika kaya ambazo mama huchokoa pweza kwa miguu, nani hubaki na mtoto mdogo, nani huamua abaki nani, na ingegharimu nini, kwa nani, kama angebaki mwingine?